Baba Mkwe Akifunua Pipa, Simu Hulia Muyinga

Mpendwa Bibi Kadidja, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili nimeitiwa kikao cha ukoo, na wazazi wangu wameshatumiwa ujumbe waje wasikie binti yao amefanya nini, na mimi nimefanya nini mpaka leo sijui, au tuseme najua lakini siwezi kusema, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mimi ni mwanamke wa Yoba hapa Gitega, nimekulia Tanzania upande wa Kasulu, ndiyo maana majirani wananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redioni, na kazi yangu ni kubanika nyama ya mbuzi kwa moshi, mapaja na mabega, nawauzia watu wenye sherehe. Nina pipa kubwa uani, mafundi wa kuchomelea walilikata wakaliwekea kifuniko juu, bomba la moshi ubavuni na sehemu ya mkaa chini, na nyama hushinda humo kutwa nzima kwa moto mdogo, ukiiharakisha inakauka inakuwa kama kandambili. Pipa hilo nililinunua kwa jasho langu kabla sijaolewa, naomba ulikumbuke hilo, maana kuna watu wameanza kulisahau.

Mume wangu Crispin anafanya kazi Muyinga, kwenye duka la Hasham anayeagiza friji na vipuri, na tangu mafuta ya magari yalipoanza kutafutwa kwa tochi anakuja nyumbani kwa nadra. Siku moja katika mzigo wa Hasham kulikuwa na kiboksi ambacho hakuna aliyekiagiza, ndani mna kidude chenye kioo, feni ndogo na waya mrefu wenye sindano ya kupimia joto, na Hasham akamwambia, "Iyo kitu mi sijui ni ya nini, chukua we." Crispin akasoma karatasi yake akakuta kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaobanika nyama kama mimi, yaani unaweka sindano ndani ya pipa, unakiambia unataka joto gani, likishuka chenyewe kinawasha feni kupuliza mkaa, likipanda kinazima, na ukikiunganisha na waifai ya nyumbani, mwenye simu analiona joto la pipa popote alipo, hata akiwa Muyinga.

Kukiunganisha, Bibi, ilikuwa vita. Crispin yuko Muyinga kwenye simu ananielekeza, mimi naruka kati ya uani na sebuleni, na baba mkwe wangu, Mzee Sebastiani, tunaishi naye tangu mama mkwe alipofariki, amesimama kando ya kiboksi cha intaneti kama askari wa lindo, kwa sababu kidude kile hakitaki waifai ya kasi, kinataka ile ya zamani ya polepole, na kiboksi chetu kilikuwa kinatoa zote mbili kwa jina moja, kidude kinashika, kinaachia, kinashika, kinaachia, mpaka Crispin akaniambia niingie kwenye mipangilio nikaitenge ile ya polepole niipe jina lake, na kwa heshima tukaiita SEBASTIANI. Ukuta wa matofali nao ukazuia mawimbi, kiboksi tukakihamishia dirishani jikoni juu ya debe la unga, ndipo taa ya kidude ikaacha kupepesa, kwenye kioo pakaandikwa kimeunganishwa na SEBASTIANI, Mzee akapiga makofi, na Crispin kule Muyinga akapiga kelele kwenye simu, "Ego, ndiyo! Mi niko naona! Niko naona pipa yote!"

Amani ilidumu mpaka Crispin alipogundua kwamba simu yake inaweza kulia joto likishuka ghafla, na joto la pipa halishuki ghafla kama hakuna mtu aliyefunua kifuniko. Basi nikifunua kugeuza nyama, simu, "Lucia, unafungua nini?" Umeme ukikatika na kiboksi kikazima, simu, "We umenizimia?" Mwanzoni nilikuwa nacheka, lakini akaanza kuniuliza habari za saa ambazo mimi sipo nyumbani, niko kwaya. "Joto imeshuka, halafu imepanda. Ni nani iko anafungua?" Namwambia sijui, nilikuwa kwaya. "Kwaya? Alors, pipa iko inajifungua yenyewe? We Lucia, mwizi hawezi kukuja kila siku ya kwaya, na anafunga kifuniko pole pole. Uyo si mwizi. Uyo ni mugeni wako, na we hauko kwaya."

Kumbe Bibi, siku hiyohiyo nilikuwa nimeshamjua anayefunua. Mwalimu wa kwaya alipotelewa na sauti, tukaruhusiwa mapema, nikasukuma geti nikamwona Mzee Sebastiani kwenye pipa, kifuniko wazi, bega la mbuzi mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nawe unajua mambo yetu, mkaza mwana hamwoni baba mkwe akila. Chakula chake mimi napeleka chumbani kimefunikwa, nagonga, naweka, naondoka, na sahani inarudi imefunikwa vilevile, hata kama imebaki tupu. Isitoshe daktari alimkataza nyama kwa ajili ya jongo, mguu ulivimba hata kiatu hakiingii, na yeye mwenyewe akatangaza mbele ya jumuiya kwamba nyama ameiacha, mimi nampa maharage na lengalenga, yaani mchicha, na anashukuru. Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani, nikakohoa kama mgonjwa wa kifua, nikalipiga geti teke, nikaingia upya, nikamkuta kwenye kiti chake, rozari mkononi, amefumba macho anasali, lakini sala yenyewe alikuwa anaitafuna.

Nikaona bora nimsitiri. Siku ya kwaya iliyofuata nilikuwa na mbuzi wa watu kwenye pipa, nyama ya sherehe ya mahari, nikaitoa sindano ndani ya pipa nikaitumbukiza kwenye termosi ya chai ya moto, nikaziba na kitambaa, nikajiambia Crispin ataona joto limetulia, Mzee atakula kidogo, na mimi nitaimba kwa amani. Lakini chai ikapoa, kidude kikadhani ni pipa ndilo lililopoa, kikawasha feni ikapuliza mkaa bila kupumzika, na Crispin kule Muyinga anaona joto linashuka ananipigia katikati ya wimbo, "Ongeza makaa! Ongeza!" na mimi kwa kuchanganyikiwa nikampigia Mzee, nikamwambia Baba samahani, Crispin anasema uongeze mkaa, na Mzee akaongeza, akaja kuniambia baadaye kwamba aliuona moto unalia lakini mtoto anayeona kutoka Muyinga lazima anaona zaidi. Nilirudi nikakuta mbuzi wa watu wamekuwa mkaa juu ya mkaa. Wenye sherehe walikuja kunisema mpaka majirani wakatoka nje.

Crispin hajui habari ya termosi. Anachosema ni kwamba nyama iliungua kwa sababu nilikuwa na shughuli na mgeni wangu. Akampigia baba yake simu, na mimi niko jikoni nasikia, akamwuliza kama kuna mtu anakuja nyumbani. Mzee anajua simu ya mwanawe inaonyesha moto, hajui kwamba inasema na kifuniko pia. Akajikuna kichwa akasema, "Mi niko muzee, macho iko mbaya. Sikuona mutu. Lakini siwezi sema hakuna." Halafu akaongeza, "Bora tuite kikao."

Crispin anafika Jumamosi, siku ya kwaya, kikao ni Jumapili na mwenyekiti ni Mzee Sebastiani. Nikisema nilimwona baba mkwe akila nyama kwa siri, nimemvua nguo mbele ya watu na mimi nitaonekana mwanamke asiye na adabu, na nisiposema narudishwa kwa wazazi wangu kama mzigo mbovu, pipa langu linabaki hapa, na ndoa yangu inakwisha kwa kosa la bega la mbuzi. Nampenda mume wangu, hata kama siku hizi ananipigia kuuliza habari za pipa tu. Niseme au ninyamaze?

Ni mimi Lucia, Yoba. Majina ya watu nimeyabadilisha, na la waifai pia.

Bibi Kadidja anajibu:

Lucia, gazeti linatoka Alhamisi na kikao chako ni Jumapili, kwa hiyo sina nafasi ya kukubembeleza. Nakiri nilicheka. Pale mzee anapoongeza mkaa kwa amri ya Muyinga nilicheka mpaka wajukuu wangu hapa Nyamugari wakaja kuangalia kama nimepatwa na degedege. Halafu nikafika pale aliposema "siwezi sema hakuna," na kicheko kikaniishia. Nimekuonea uchungu, mwanangu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Ile termosi ilikuwa upumbavu. Kidude hakina macho wala hakimjui Mzee wala Crispin, kinajua sindano tu, na sindano ikipoa kinapuliza moto. Wewe ni mtu wa kazi hiyo, umeishi na moto miaka, halafu unakipa chai kikunywee siri zako? Mbuzi wa watu wameungua kwa mkono wako. Nenda ukawaombe radhi wenye sherehe kabla ya Jumapili, na uwabanikie wengine, sindano ikiwa ndani ya pipa ambamo inapaswa kuwa. Na habari ya termosi umweleze Crispin kwa kinywa chako, yote, hata kama atakucheka. Akikucheka, shukuru, maana ni muda mrefu hajacheka nawe.

Ila usidhani nimekuweka wewe peke yako kwenye kaango.

Crispin, au jina lako lolote la kweli, wewe uko Muyinga unajua joto la paja la mbuzi lililoko Gitega, lakini hujui mkeo ameshindaje. Umepewa kidude cha kulinda nyama, ukakigeuza polisi wa nyumba. Simu ikilia unauliza nani amefunua, hujauliza hata mara moja kama mkono wa aliyefunua haukuungua. Na akili yako ilikwenda wapi? Nyumba ina watu wawili. Mmoja yuko kwaya anaimba, na watu wanamsikia mpaka barabarani. Wa pili unamjua tangu ulipozaliwa, na unajua alivyokuwa akiila nyama kabla ya jongo. Badala ya kuhesabu mpaka mbili ukabuni mtu wa tatu.

Na Mzee. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nimezika mume, nimeoza watoto, naweza kumsema mzee mwenzangu bila kuomba ruhusa. Njaa ya nyama naielewa. Mtu aliyekula mbuzi maisha yake yote, umpe lengalenga kila siku huku moshi wa mabega unaingia dirishani kwake, huyo unamtesa. Kuiba nyama ningemsamehe leo hii. Lakini heshima ya mkwe ina pande mbili. Mkaza mwana anafumba macho asimwone baba mkwe akila, na baba mkwe naye anamlinda mkaza mwana kama mtoto wa tumbo lake. Wewe, Lucia, ulitimiza upande wako mpaka ukarudi kinyumenyume barabarani. Yeye akaona jina lako linachafuka, akajipangusa mafuta mdomoni, akajiteua hakimu. Hiyo si heshima, ni uoga uliovaa koti.

Basi fanya ninavyokuambia, na usiongeze chumvi yako.

Jumamosi Crispin akifika, mkaribishe, mpe maji aoge, asianze na maneno. Pipa liwe na nyama tangu asubuhi, sindano mahali pake, taa imetulia. Mwombe akusindikize kwaya. Akikataa, mwambie hujawahi kumwomba kitu kidogo kuliko hicho. Muage Mzee kwa adabu kama siku zote, mwambie mnachelewa kidogo kurudi. Mkifika, mumeo akae kwenye benchi la mbele, simu mkononi, na wewe usimame mbele yake uimbe. Simu italia, mimi nakuambia italia, maana mzee aliyezoea hawezi kuacha kwa ghafla. Ikilia, usiache kuimba. Usimwambie "umeona?" Usimkonyeze. Mwache aitazame namba ikishuka, halafu akutazame wewe, halafu aitazame tena. Hesabu hiyo aifanye mwenyewe, na itamuuma ipasavyo.

Kuanzia hapo wewe umemaliza. Baba ni wake, mdomo ni wa baba yake, azungumze naye mwanamume kwa mwanamume. Tena asimtaje mbuzi. Amwambie hivi tu: "Baba, ile kitu ya kwenye pipa, kifuniko ikifunguliwa, mi niko naona kule Muyinga." Basi. Mzee si mjinga, ataanza kulalamikia mguu, na utashangaa jinsi kikao kitakavyoahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa.

Lakini kuahirisha hakutoshi, usije ukalainika ukasema yameisha. Wazazi wako wametumiwa ujumbe kwamba binti yao ana doa. Mzee Sebastiani aliyewaita ndiye atakayewapigia, kwa sauti yake, awaambie nyumba imechunguzwa na binti yao hana kosa lolote. Sababu si lazima aitaje. Kwa hilo tunamsitiri, kwa umri wake. Crispin akae karibu asikie simu hiyo ikipigwa, na asitoke mpaka imekatwa.

Halafu nyumba yenu itengenezwe. Crispin ampeleke baba yake kwa daktari akaulize nyama kiasi gani haitamlaza kitandani, hata kama ni kipande cha ukubwa wa kidole. Kipande hicho umbanikie vizuri, umpelekee chumbani kimefunikwa, ugonge, uweke, uondoke, na sahani irudi imefunikwa. Akila cha halali hatakuwa na haja ya kusali uani. Na ile programu ya simu, pipa ni lako tangu kabla ya ndoa, basi mwenye pipa uwe wewe: kwenye simu yako ndiko kengele ilie. Crispin akitaka kuona moto, aombe, nawe umpe ukipenda. Akitaka kujua habari zako, namba yako anayo, apige aulize umeamkaje. Kama hajui sentensi hiyo inaanzaje, amwulize Hasham.

Sasa najua unachowaza, maana wewe ni mtu wa wasiwasi. Unawaza, je, Crispin akikataa kwenda kwaya? Je, siku hiyo umeme ukikatika? Je, Mzee siku hiyo akashiba maharage, na Jumapili ikafika, wazazi wako wamekaa, na yeye yuko kwenye kiti kikubwa anakuuliza mbele ya watu ni mwanamume gani anayekuja nyumbani kwa mwanawe?

Ikifika hapo, huruma yangu kwake imekwisha, na yako iishe pia. Usilie. Usitoe habari ya kidude, wala ya waifai, wala ya mbuzi. Piga magoti kama mkaza mwana mwenye adabu, inamisha uso, na sema kwa sauti ambayo hata aliye mlangoni ataisikia: "Baba, mimi nilikuona." Halafu nyamaza. Wakikuuliza ulimwona wapi, nyamaza. Wakikuuliza ulimwona akifanya nini, jifunike uso na kanga na uendelee kunyamaza. Kwa adabu zetu mkaza mwana hawezi kusema zaidi ya hapo, kila mtu anajua, na kila mtu pale ndani ataanza kuwaza mambo mabaya kuliko nyama. Mama yako atashika kifua. Baba yako atasimama. Na Mzee Sebastiani, nakuapia, atasimama kabla yake, mguu wa jongo na wote, na ukoo mzima utamsikia akipiga kelele, "Ilikuwa nyama! Jamani, mi nilikuwa nakula nyama!"